Wamormoni: Nani Aliona Nini, na Akiwa Wapi

Mwezi Agosti 1860 Richard Burton aliwasili Salt Lake City kwa gari la farasi, baada ya kuvuka mbuga za Marekani. Afrika Mashariki tunamjua kwa safari nyingine: ndiye aliyeondoka Unguja na John Speke mwaka 1857, akafuata njia ya misafara hadi Kazeh, yaani Tabora, na mwaka uliofuata akafika Ujiji. Kitabu chake cha maziwa ya Afrika kilitoka mwaka 1860, na kile cha mji wa Wamormoni kikatoka mwaka 1861. Ukivisoma pamoja utadhani vimeandikwa na watu wawili. Wapagazi, Wanyamwezi na watu wa pwani aliwaandika kwa dharau isiyofichika. Wamormoni, ambao magazeti ya Marekani na Uingereza yaliwachora kama wazinzi na washenzi, aliwaandika kwa subira: alisikiliza hoja zao, akaziweka kando ya hoja za maadui zao, akakataa kukata shauri upesi. Mitala haikumshtua mtu aliyekwisha kuishi India na Misri, na aliyefika Makka mwaka 1853 akijifanya Mwislamu. Zaidi ya hayo, Utah alilala hotelini, aliongea kwa lugha yake ya kuzaliwa, na wenyeji wake walikuwa na magazeti ya kumjibu. Kwenye njia ya Tabora alikuwa hoi kwa homa, akigombana na wapagazi juu ya posho, na hakutarajia kwamba hata mmoja wao angekuja kusoma yaliyoandikwa juu yake. Haki ya mgeni kwa wenyeji wake, basi, haitegemei moyo wake peke yake. Inategemea pia mahali aliposimama, na kama wenyeji wana njia ya kumsahihisha.

Jambo hilo ndilo ninalotaka kulishikilia, kwa sababu ushahidi wa watu wa nje kuhusu jumuiya za Wamormoni umekuwa ukigongana kwa karibu miaka 200. Mmoja anasema hajawahi kuona majirani wema kama hawa. Mwingine anasema aliishi kati yao miaka na hakupata rafiki. Wasomaji wengi hudhani lazima mmoja wao anadanganya. Mimi nasema wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa wema ule na ule ukuta vinatoka katika mpango uleule wa maisha. Kinachotofautiana ni kama shahidi alikuwa mgeni, mkaazi, mkwe, au mtu aliyetoka ndani.

Kanisa lenyewe, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, mwaka uleule alipochapisha Kitabu cha Mormoni. Waumini wake walifukuzwa huku na huko. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba waangamizwe au waondolewe jimboni, na amri hiyo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1976. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha huko Illinois mwaka 1844, na Julai 1847 kiongozi aliyemfuata, Brigham Young, akawafikisha wafuasi kwenye bonde kame la Salt Lake, lililokuwa bado la Mexico. Watu waliokwisha kuchomewa nyumba hujenga kwa namna ya kutegemeana wao kwa wao, na hilo tuliweke akilini kabla hatujafika kwenye malalamiko ya majirani wa leo. Mwaka 1852 walitangaza hadharani kwamba wanaoa wake wengi. Kuanzia hapo kila mgeni aliyefika Utah alikuwa na swali moja mdomoni.

Horace Greeley, mhariri mashuhuri wa New York, alimuuliza Young ana kwa ana mwezi Julai 1859 ana wake wangapi, na akajibiwa kuwa ni 15. Jibu hilo ndilo lililosambaa. Lakini lenye uzito zaidi katika maandishi ya Greeley ni lile ambalo hakuna aliyemwambia. Aliona kwamba katika mji ule hapakuwa na bango hata moja barabarani, wala tangazo gazetini, la mwanamke anayetoa kazi au huduma yoyote. Hakuna mwanamume aliyemtajia maoni ya mkewe juu ya jambo lolote. Alialikwa majumbani, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mke wake angependa kumwona. Hapo ndipo faida ya mtu wa nje inapoonekana: mwenyeji hawezi kuona kitu ambacho hakijawahi kuwapo mbele ya macho yake. Hata hivyo, Greeley aliusikia ukimya huo kutoka sebuleni kwa wanaume; wanawake wenyewe walikuwa na la kusema. Mwaka 1870 wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura, wakitangulia karibu wanawake wote wa Marekani, na baadhi ya watu wa nje walishangilia wakiamini kwamba kura hiyo ingeizika mitala. Haikuizika. Wanawake wengi wa Kimormoni waliitetea hadharani, na mwaka 1887 Bunge la Marekani likawanyang'anya kura hiyo. Walirudishiwa mwaka 1896, Utah ilipokuwa jimbo kamili, miaka sita baada ya Rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, kutangaza mwisho wa ndoa za mitala.

Shahidi ninayemheshimu kuliko wote ni Elizabeth Kane. Mumewe, Thomas Kane, hakuwa Mmormoni lakini alikuwa rafiki wao tangu mwaka 1846. Yeye mwenyewe aliichukia mitala, na katika majira ya baridi ya 1872 kuingia 1873 alisafiri na mumewe mgonjwa na watoto wawili wa kiume kutoka Salt Lake City hadi St. George, kusini mwa Utah, katika msafara wa Brigham Young. Kila usiku walilala katika nyumba ya familia nyingine. Alikula mezani kwao, akaona watoto wanavyolelewa, akazungumza na wake wenza jikoni, mahali ambapo Greeley na Burton wasingefika hata wangekaa mwaka. Anaeleza jinsi kila asubuhi kabla ya safari Young, mzee wa zaidi ya miaka 70, alivyokagua mwenyewe kila gurudumu, kila ekseli, kila farasi na nyumbu na hatamu zake. Ukisoma habari hiyo ndogo unaelewa kwa nini watu walimfuata jangwani, kuliko unavyoelewa kwa kurasa mia za hoja za dini. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1874. Hakubadili msimamo juu ya mitala, lakini hakuweza tena kuwaita wanawake wale wajinga au watumwa, kwa kuwa alishawajua kwa nyuso. Anayeipinga desturi na bado akawaandika wenye desturi hiyo kwa adabu ana ushahidi mzito kuliko msifu na mtukanaji.

Sasa tuje kwenye mpango wa maisha niliousema. Mmormoni hachagui kanisa la kusali. Anwani ya nyumba yake ndiyo inayomchagulia: kila mtaa au kundi la mitaa ni kata, na kata kadhaa hufanya kigingi. Askofu wa kata halipwi mshahara. Anaweza kuwa daktari wa meno au fundi umeme ambaye jioni zake zimekwisha kwa kazi za kanisa. Karibu kila mtu mzima hupewa wito, yaani jukumu lake: kufundisha watoto, kupiga kinanda, kutunza orodha, kutembelea familia alizopangiwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwamba Wamormoni wanaohudhuria kanisani katika sehemu kadhaa za Marekani hujitolea kwa wastani saa 427 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya saa hizo hutumika ndani ya kanisa, ila mtu aliyezoea kupangiwa wajibu haachi mazoea yake mlangoni. Familia mpya ikihamia mtaani, mkate wa nyumbani unafika kabla masanduku hayajafunguliwa. Theluji ikianguka, mtu anakuja na koleo lake. Mgeni wa siku chache huondoka akisifu, na ana haki ya kusifu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ya asiye Mmormoni anayekaa Utah ni kwamba siku ya tatu hapewi jembe, kwa sababu majembe yote yamegawiwa kanisani. Jumatatu jioni ni ya familia nyumbani. Katikati ya wiki vijana wana shughuli zao za kata, na Jumapili siku nzima imeshikwa. Shule za serikali za sekondari huruhusu wanafunzi kutoka kwa kipindi kimoja kwenda kusoma dini katika jengo la Kanisa lililo jirani na shule, utaratibu ulioanza karibu na Salt Lake City mwaka 1912. Mtoto asiye Mmormoni hubaki, akiwatazama wenzake wakivuka uwanja. Hakuna aliyemfukuza, na pengine hakuna aliyemkusudia ubaya. Lakini urafiki wa watoto huota katika saa za pamoja, na saa hizo zimekwisha kupangwa. Kahawa, chai na pombe, ambavyo mahali pengine huwakutanisha majirani, Neno la Hekima, yaani sheria ya Kanisa ya afya, linavikataza. Kwa hiyo anayesema aliishi pale akiwa peke yake simpingi. Nampinga anapoeleza upweke huo kama njama.

Wapo watakaosema mgeni huoneshwa sebule iliyofagiliwa tu. Ni hoja nzito, na historia ya Utah ina jambo la kutisha la kuithibitisha. Tarehe 11 Septemba 1857, huko Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni wakishirikiana na baadhi ya Wahindi Wekundu wa Paiute waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa wakielekea California. Walioachwa hai ni watoto wadogo tu. Ni mtu mmoja, John D. Lee, aliyehukumiwa na kuuawa, tena mwaka 1877. Elizabeth Kane alikaa St. George, mji usio mbali na bonde hilo. Ukarimu aliouona haukuwa uongo, lakini haukuwa ushahidi juu ya mauaji yale. Wema wa mezani hauthibitishi kitu kuhusu uamuzi uliofanywa gizani na wanaume wenye hofu, na aliyekula mezani asiutumie hivyo. Dawa yake, hata hivyo, si kukaa mbali. Arthur Conan Doyle hakuwa ameikanyaga Utah alipoandika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, iliyotoka mwaka 1887, akiwajaza Wamormoni ndani yake kama watekaji wa mabinti na wauaji wa siri. Mwaka 1923 alikwenda Salt Lake City, na Wamormoni haohao wakampa ukumbi wao mkuu ahutubie. Charles Dickens alifanya kinyume: mwaka 1863 alipanda meli London iliyokuwa ikiwachukua mamia ya waumini kwenda Marekani, akiwa tayari kuwashutumu, akawakuta watulivu na wenye mpangilio, akaandika alichokiona.

Wengine watasema anayejua ni aliyetoka ndani. Bila yeye tusingejua gharama ya kuacha: ndugu wanaopoa, ndoa zinazotikisika, biashara inayopoteza wateja. Lakini yeye ni shahidi wa mlango wa kutokea, na jirani yake anayebaki kwa furaha ni shahidi wa chumba. Na waumini wanaposema mtu wa nje hawezi kuelewa, nawakumbusha swali ambalo wao na wageni wao wengi walilipita. Wageni wa karne ya 19 walijaza kurasa kwa wake wa Young. Mwafrika walimwandika kidogo sana. Kuanzia 1852 hadi Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani, na wanaume kwa wanawake weusi walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Lubumbashi, hilo lingekuwa swali la kwanza. Kila mgeni huja na swali la nyumbani kwake, na jumuiya haiwezi kujulikana kwa swali moja.

Sasa Afrika yenyewe ndiyo iliyo jirani. Hekalu la Kinshasa lilifunguliwa mwaka 2019 na la Nairobi mwaka 2025. Kabla hekalu halijawekwa wakfu milango huwa wazi kwa watu wote. Baada ya hapo huingia waumini wenye kibali tu. Anayetaka kutabiri ukuta utakavyokuwa huku asinakili habari za Utah, ambako kwa vizazi Wamormoni walikuwa ndio wengi, wenye shule na halmashauri. Nairobi wao ni wachache, na mtoto wao ndiye anayebaki nje ya mazoea ya darasa. Hata maumivu ya harusi, ambayo watu wa nje wameyalalamikia kuliko yote, yalitofautiana kwa nchi. Marekani, wazazi wasio waumini walibaki nje wakati binti yao akiolewa hekaluni, na wanandoa walioanza na ndoa ya kiserikali ili wazazi waione walipaswa kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Katika nchi ambazo sheria ilidai ndoa ifungwe hadharani, harusi ilitangulia mbele ya ndugu wote, na hekalu likafuata bila adhabu ya kusubiri. Mwezi Mei 2019 Kanisa liliondoa sharti hilo la mwaka mmoja kila mahali. Wazazi wa Marekani walikuwa wamelilalamikia kwa miaka mingi. Wenzao wa nchi zile za harusi ya hadharani halikuwahi kuwahusu.