Kupiga chapa: kazi ya wino Kariakoo

Kupiga chapa, au kwa ufupi kuchapa, ni kuhamisha wino kutoka kwenye umbo lililoandaliwa hadi kwenye karatasi, kitambaa au kitu kingine, ili alama ileile iweze kurudiwa mara nyingi. Hapo ndipo kuchapa kunapoachana na kupaka. Anayepaka hutandaza wino au rangi kwa mkono, na akitaka alama ya pili huanza upya. Anayechapa hutaabika mwanzoni, katika kuandaa umbo. Baada ya hapo nakala ya mia hutoka sawa na ya kwanza.

Neno chapa limetoka Bara Hindi, na limezaa maneno ambayo watu huyachanganya. Kuchapa kitabu ni kazi ya kiwandani, ya wino na karatasi. Kuchapisha ni kukitoa kitabu kwa wasomaji: kukihariri, kukigharamia na kukisambaza. Mchapaji na mchapishaji wanaweza kuwa watu wawili wasiofahamiana kabisa, na mwandishi anayesaini mkataba bila kulijua hilo hujitafutia hasara.

Muhuri nao huacha alama ya wino, lakini Waswahili husema unagongwa. Mkazi wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayehitaji barua ya utambulisho hufika ofisi ya serikali ya mtaa na picha ndogo, ambayo hubandikwa kwenye barua. Muhuri hugongwa ukingoni mwa picha, nusu ya duara ikae juu ya sura na nusu juu ya karatasi. Anayeibandua picha ili aweke nyingine huikata duara, na udanganyifu huonekana mara moja.

Wino wa kidoleni siku ya uchaguzi hupakwa au kidole huchovywa, na kazi yake ni kuzuia mtu kupiga kura mara mbili. Wino huo huwa na nitrati ya fedha, kemikali inayoshikana na chumvi ya ngozi na kuwa nyeusi ikipata mwanga. Sabuni haiutoi. Huondoka ngozi inapobanduka na ukucha unapokua.

Kazi ya wino iliyo karibu zaidi na mwenyeji wa Kariakoo, hata hivyo, ni uchapaji wa fulana. Eneo hili lina makao ya vilabu vya soka vya Simba, Mtaa wa Msimbazi, na Yanga, Jangwani. Fulana za mashabiki peke yake ni soko. Ziko pia za harusi, za misiba yenye picha ya marehemu, za shule na za vikundi vya kina mama.

Njia inayotumika sana ni ya skrini. Kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana hutandwa kwenye fremu hadi kikaze, kisha hupakwa dawa inayoganda kwa mwanga. Mchoro mweusi uliochapwa kwenye karatasi angavu huwekwa juu yake na taa huwashwa. Palipofunikwa na weusi dawa haigandi. Maji huiosha na matundu hubaki wazi. Fremu hulazwa juu ya fulana, wino humiminwa upande mmoja, na fundi huukokota kwa kipande cha mpira chenye mpini, kwa mkandamizo mmoja usiobadilika. Akilegeza mkono katikati, herufi hutoka hafifu; akirudia ovyo, hutoka pacha. Huo ni ufundi wa kweli, na unastahili kulipwa kama ufundi.

Kila rangi huhitaji skrini yake. Ndiyo sababu fulana tano za rangi nne huwa ghali kwa kila moja kuliko fulana mia za rangi moja: gharama ya kuandaa skrini nne hugawanywa kwa fulana tano tu, na ile ya skrini moja kwa fulana mia. Wino nao lazima ukaushwe kwa joto. Ule wa plastiki huhitaji takriban nyuzi 160 za sentigredi ndipo ushike; usipofikia hapo hupasuka na kubanduka baada ya kufuliwa.

Kwa hiyo mwenye kazi na akubaliane na fundi idadi ya rangi kabla ya bei, na aombe fulana moja ya mfano aifue kwanza, kabla zilizobaki hazijachapwa.