Minyororo ya Katapila na Matunzo Yake Kabla ya Masika

Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kazi ya kujenga tuta au kufungua barabara iliyojaa tope hutegemea katapila, kwa kuwa minyororo yake hutawanya uzito pale ambapo magurudumu ya mpira huzama. Mnyororo ukikatika, kazi husimama, na maji hayasubiri.

Mnyororo huundwa kwa viungo vilivyounganishwa kwa pini na bushi. Mchanga uliochanganyika na maji huzisaga, mnyororo hurefuka, hulegea, na mwishowe huchomoka. Ukikazwa kupita kiasi, huchakaa upesi vilevile. Kwa hiyo tope huondolewa kila jioni, boliti hukaguliwa, na mkazo hurekebishwa kwa kusukuma grisi. Pini na bushi zilizolika upande mmoja huweza kugeuzwa nusu mzunguko. Kiungo kilichopasuka hubadilishwa.

Grisi hiyo imo katika shinikizo kubwa. Valvu yake hulegezwa polepole, na mtu yeyote asisimame mbele yake.

Wakazi wa Kilosa na Mikumi wanakumbushwa kuwaweka watoto mbali na mashine inayotengenezwa, na kutong'oa boliti wala vyuma vyake ili kuviuza kama chuma chakavu. Boliti chache zikikosekana, tuta linaweza kukutwa na mvua kabla halijakamilika.