Je, baraka hununuliwa? Mastahili kwa Wabudha na kwetu

Kijana mmoja wa hapa Hedaru anayefanya kazi Dar es Salaam hupita mara kwa mara mbele ya hekalu la Wabudha lililoko Upanga. Likizoni aliniuliza: "Padre, wale nao huomba kufaulu mitihani na biashara kama sisi?"

Hekalu hilo lilianzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, waliofika nchini mwanzoni mwa karne ya 20. Dhehebu lao, Theravada, halimwoni Budha kuwa Mungu wala mgawaji wa baraka. Maua yawekwayo mbele ya sanamu yake ni heshima tu, tena ni ukumbusho kwamba mwanadamu naye hunyauka. Kwa mafundisho yao, kizaacho heri ni tendo lenyewe: kutoa kwa ukarimu, kushika maadili na kuitawala nafsi kwa tafakari. Hayo hujenga mastahili, ambayo huzaa matunda katika maisha haya au yajayo, kama mbegu izaavyo kwa jinsi yake. Hata marehemu hushirikishwa: jamaa huwalisha watawa, kisha hutamka nia kwa ajili yake. Hata hivyo, Wabudha wengi wa Sri Lanka wakitaka afya, mtoto au kazi huwaendea miungu walinzi, kama yule wa Kataragama. Na walimu wao huonya kwamba atoaye huku akipiga hesabu ya faida amelipunguza tendo lake.

Onyo hilo latugusa. Mvua za vuli zikichelewa, nia za Misa huongezeka, wala si vibaya. Katekisimu, namba 2010, yafundisha kwamba hata mema ya dunia kama afya na urafiki yaweza kustahiliwa kadiri ya hekima ya Mungu, nayo huombwa katika sala. Lakini namba 2007 yatangulia kusema kwamba mbele ya Mungu mwanadamu hana haki ya kudai mastahili yoyote. Kwetu tendo jema halizai kwa sheria yake lenyewe. Neema ya Baba ndiyo iliyotangulia. Nimekutana na mwamini aliyeacha kusali kwa sababu alitoa zaka na mahindi yakakauka. Nahofu alihubiriwa mahali fulani kwamba sadaka ni mtaji. Mbudha makini naye angemshangaa.

Kijana akauliza tena kama aweza kuingia hekaluni. Nilimjibu kwamba tangu hati Nostra aetate ya mwaka 1965 Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Akialikwa aingie, avue viatu kama mgeni mwenye adabu, asikilize, ila haja zake azilete kwa Baba.