Mswaki Upo Hata Bara

Mtu wa pwani aendaye Nakuru hudhani ameuacha mswaki Mombasa. Sivyo. Mti wenyewe, ambao Waarabu huuita araki, umejiotea katika nyika kavu ya Marigat na Ziwa Baringo, kilomita zipatazo 100 kaskazini mwa Nakuru. Wamaasai huuita oremit. Wafugaji hutafuna kijiti chake kusafishia meno, kama tufanyavyo sisi.

Kwenye nyanda za juu zenye baridi, wenyeji hutumia kijiti cha mzeituni wa mwitu. Nacho chafaa: wanazuoni wa Kishafii wamesema sunna hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza na kuondoa uchafu, ingawa araki ndio bora. Mwenye saumu tu ndiye hukarahishwa kupiga mswaki baada ya jua kupinduka.

Lakini tusisahau jambo moja. Wengi hupenda mzizi, na kuchimba mizizi ovyo huua mti. Tawi nalo hutosha sunna. Tukate tawi, tuuache mzizi ardhini, ili watakaokuja nyuma yetu nao waupate.