Kumwacha mume mpigaji si rahisi kama riwaya hii inavyosimulia

Mzazi mwenye binti anayependa kusoma huenda ameshakiona kitabu hiki nyumbani, au jalada lake kwenye simu ya mtoto. Kinaitwa It Ends with Us, kimeandikwa na Mmarekani Colleen Hoover. Kilitoka mwaka 2016, kisha miaka ya 2021 na 2022 vijana wakakiibua upya kupitia TikTok. Agosti 2024 ikatoka filamu yake, Blake Lively akiwa mhusika mkuu.

Jalada lina maua, na wengi hukichukua wakidhani ni hadithi ya mapenzi tu. Ndani kuna kipigo, jaribio la kubaka na matukio ya wazi ya kitandani. Si kitabu cha mtoto wa miaka 13.

Anayetaka kukisoma bila kujua mwisho wake aishie hapa.

Lily amekua akimwona baba yake akimpiga mama yake. Akiwa mtu mzima anafungua duka la maua jijini Boston na kuolewa na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, mtanashati na mwenye fedha. Siku moja Ryle anaunguzwa na chombo kilichotoka kwenye oveni, Lily anacheka, Ryle anamsukuma na kumuumiza. Baadaye anamsukuma tena, kwenye ngazi. Kila mara anafuata msamaha wenye machozi.

Sehemu hiyo Hoover ameiandika vizuri, na haki yake apewe. Amesema wazi kwamba alitumia maisha ya mama yake mzazi, aliyeondoka kwenye ndoa ya kipigo yeye akiwa mdogo. Hadi mkono wa kwanza unapoinuliwa, msomaji naye ameshampenda Ryle, hivyo anaanza kumtafutia visingizio kama Lily anavyofanya. Ndivyo ukatili wa nyumbani unavyoingia. Hakuna anayeolewa na mtu aliyempiga siku ya kwanza kukutana.

Tatizo linaanza pale kitabu chenyewe kinapomtafutia kisingizio. Tunaelezwa kwamba Ryle, akiwa na miaka sita, alimpiga kaka yake risasi kwa bahati mbaya na kumuua, na tangu hapo hasira humpofusha. Ni kisa cha kuhuzunisha, lakini hasira hiyo ina macho. Hatumsomi akimpiga muuguzi wala bosi wake hospitalini. Inamshukia mke, mlango ukiwa umefungwa.

Kisha mwisho. Lily anajifungua, na akiwa bado hospitalini na kichanga chake anamwambia Ryle anataka talaka. Ryle analia, anaelewa, yanaisha. Baadaye wanapokezana mtoto kwa amani, na Atlas, mpenzi wa ujanani, anamsubiri Lily.

Hapo ndipo wasomaji wengi waliopitia kipigo walipovunjika moyo. Wahudumu wanaoshughulika na ukatili wa nyumbani wanajua kuwa kipindi cha kuondoka, na wiki zinazofuata, ni miongoni mwa nyakati za hatari zaidi kwa mwanamke. Mpigaji anayeona mamlaka yanamponyoka mara nyingi huongeza vitisho, humfuatilia mke au humtumia mtoto kama fimbo. Lily ana biashara yake, ana pa kulala na ana mwanaume mwingine wa kumpokea. Muondolee hayo matatu uone kama hadithi inasimama.

Kwa msomaji wa Tanzania pengo ni kubwa zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Lakini kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ndipo lifike mahakamani. Kabla ya baraza kuna kikao cha wazee, kuna shangazi anayesema “vumilia, ndoa ndivyo zilivyo”, kuna kodi ya nyumba na ada za watoto.

Wauzaji nao hawakusaidia. Januari 2023 ilitangazwa kwamba riwaya hii ingetolewa kitabu cha kupaka rangi. Wasomaji walikasirika na mpango ukafutwa. Filamu ilipotoka, ilinadiwa kwa maua na mavazi ya maua, kama mwaliko wa harusi.

Kumnyang’anya binti kitabu hakusaidii, atakisoma kwa rafiki yake. Bora mzazi akisome naye, kisha amuulize: Ryle alionyesha wapi kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu wa kuogopwa? Wengi hujibu ni pale kwenye oveni. Warudi mwanzo kabisa, usiku wa kwanza juu ya paa, kabla hata hajajua jina la Lily. Anaingia akilipiga kiti mateke.

Binti au mama anayeishi na Ryle wake anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya. Kwa ukatili wa kijinsia nchini Kenya ni 1195.