Diski Zinazoharibiwa kwa Makusudi

Ndani ya msimbo wa e2fsprogs, kifurushi cha zana zinazotunza mifumo ya faili ya ext2, ext3 na ext4 kwenye Linux, kuna saraka iitwayo tests. Humo mmejaa diski mbovu. Si diski zenyewe za kushikika, bali taswira zake ndogo zilizobanwa kwa gzip, kila moja na ugonjwa wake. Kuna ambayo faili mbili zinadai bloku ileile. Kuna ambayo bloku yake kuu imefutwa ikabaki sifuri tupu, na nyingine imepoteza saraka ya lost+found. Zote zimeharibiwa kwa makusudi, na zinatunzwa kwa uangalifu ambao diski nyingi nzima hazijawahi kuupata.

Jirani na taswira huwekwa faili mbili za maandishi: expect.1 na expect.2. Ya kwanza ina kila mstari ambao programu ya e2fsck inatakiwa kuandika inapoitibu diski hiyo, na mwishoni huwa na namba 1, yaani makosa yalikuwapo na yamerekebishwa. Kisha e2fsck huendeshwa tena juu ya diski ileile. Safari hii inatakiwa ipite hatua zake zote tano bila lalamiko lolote na kutoka na namba 0. Ujanja wote wa jaribio umo katika mzunguko huo wa pili, kwa sababu programu ikikuta kosa jipya baada ya kutangaza kwamba imemaliza kazi, basi mara ya kwanza ilisema uongo.

Kinachoharibiwa hapa ni metadata: jina la faili, mmiliki wake, ukubwa wake, na hasa orodha ya bloku za diski ambamo yaliyomo yamehifadhiwa. Picha ikipoteza baiti moja, huenda doa dogo tu likatokea. Metadata ikipoteza biti moja, picha nzima inaweza kutoweka, au ikaandikwa juu ya faili ya mtu mwingine. Ni kama masijala ya ardhi: ufa kwenye ukuta ni shida ya mwenye nyumba, lakini daftari likionyesha kiwanja kimoja kina wamiliki wawili, mtaa mzima unaingia kwenye kesi.

Na uharibifu huo si wa kufikirika. Mwaka 2008 watafiti walichapisha uchunguzi wa diski milioni 1.53 zilizofuatiliwa kwa miezi 41 katika mifumo ya kampuni ya NetApp. Walikuta zaidi ya bloku 400,000 ambazo yaliyosomwa hayakulingana na namba ya uhakiki iliyohifadhiwa pamoja nayo. Diski ilirudisha data na kudai mambo ni shwari, kumbe sivyo.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kundi la Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, wakiwamo maprofesa Andrea na Remzi Arpaci-Dusseau, lilikuwa limeuliza swali la upande wa pili: diski ikikosea, mfumo wa faili hufanya nini? Waliweka tabaka la programu chini ya mfumo wa faili, tabaka linalojua bloku hii ni ya saraka na ile ni ya kumbukumbu ya miamala, kisha wakaanza kuvuruga aina moja baada ya nyingine. Matokeo yao ya mwaka 2005 hayakumpendeza mtu. Mfumo wa ext3 mara nyingi ulipuuza makosa ya kuandika na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. ReiserFS ilichukua njia tofauti kabisa: kosa la kuandika lilipotokea, ilisimamisha mashine yote. Na ndani ya mfumo mmoja, kosa la aina moja lilipokewa hivi katika faili hii ya msimbo na vile katika nyingine, bila sera yoyote inayoeleweka.

Tangu hapo uvurugaji wenyewe ukakabidhiwa mashine. Novemba 2006, katika kampeni ya kutangaza hitilafu za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kila siku kwa mwezi mzima, zana iitwayo fsfuzzer iliibua kasoro kadhaa za mifumo ya faili kwa kuchafua tu baiti za taswira na kuiomba kerneli iipachike, yaani iifungue kama diski halisi. Mwaka 2016 Vegard Nossum na Quentin Casasnovas wa Oracle walikwenda mbali zaidi. Waliichukua AFL, programu inayobadilisha data kidogo kidogo huku ikitazama ni njia zipi mpya za msimbo zimefikiwa, wakaielekeza kwenye mifumo ya faili ya Linux. Kisha wakapima muda hadi hitilafu ya kwanza. Btrfs ilidumu sekunde 5. F2FS, sekunde 10. XFS ilivumilia saa 1 na dakika 45, na ext4 saa 2.

Matokeo hayo yalizungumzwa sana, pengine kuliko yalivyostahili. Saa mbili za ext4 hazimaanishi kwamba ext4 ni imara kuliko Btrfs kwa kiwango hicho. Zinategemea pia jinsi taswira ilivyoandaliwa, na kama kivurugaji kilipita langoni au kiligonga ukuta.

Ukuta wenyewe ni namba ya uhakiki. Tangu mwaka 2012 ext4 inaweza kuambatisha kwenye metadata yake namba inayokokotolewa kwa kanuni ya CRC32c, na mwaka 2013 XFS ikafuata kwa toleo lake la tano la muundo wa diski. Kerneli inaposoma bloku, hukokotoa namba upya. Zisipolingana, bloku inakataliwa na, kwenye XFS, anayeisoma anapewa kosa namba 117, ambalo ujumbe wake unasema kwamba muundo unahitaji kusafishwa. Kwa mtumiaji, hii ni habari njema. Kwa anayeandika majaribio, ni mtego. Akigeuza biti moja na kuacha namba ya uhakiki kama ilivyokuwa, jaribio litafaulu kila siku ya Mungu: kerneli itakataa, kosa 117 litatoka, taa ya kijani itawaka. Maelfu ya mistari ya msimbo iliyo nyuma ya lango, ile inayotakiwa kutilia shaka ukubwa wa faili au urefu wa jina, haitaguswa kamwe.

Ndiyo maana xfs_db, zana ya kuchungulia na kuhariri diski ya XFS, ina njia mbili za kuandika upuuzi. Kwa alama ya -c, thamani mbovu huandikwa na namba ya uhakiki haiguswi. Kwa alama ya -d, thamani mbovu huandikwa na namba ya uhakiki hukokotolewa upya, kwa hiyo bloku inaingia langoni ikiwa na kitambulisho halali. Mkaguzi wa jaribio akiona herufi moja hiyo imekosewa, anajua jaribio zima linapima kitu kingine. Wazo hilohilo liliibeba Janus, kazi ya Chuo cha Teknolojia cha Georgia iliyotangazwa mwaka 2019: ilivuruga metadata peke yake, ikazirekebisha namba za uhakiki, kisha ikatuma amri za kawaida za kufungua, kuandika na kufuta faili. Ilipata hitilafu 90 ndani ya kerneli ya Linux.

Mahali ambapo mambo haya hukaguliwa kwa bidii zaidi ni fstests, mkusanyiko ulioanzia kampuni ya SGI kwa ajili ya XFS ukijulikana kama xfstests, na ambao leo hutumiwa na karibu kila mfumo mkubwa wa faili kwenye Linux. Kila jaribio ni hati ya shell yenye namba, na kando yake kuna faili ya matokeo yanayotarajiwa. Yakitofautiana hata kwa herufi, jaribio limeanguka.

Kwa XFS, familia moja ya majaribio hupita uga kwa uga: bloku kuu, vichwa vya maeneo ya diski, miti ya nafasi huru, inodi (rekodi ya metadata ya faili moja), saraka. Kila uga hutendewa kwa zamu. Hujazwa sifuri, hujazwa moja, hugeuzwa biti ya kwanza, ya kati, ya mwisho, huongezwa, hupunguzwa, hutiwa thamani ya kubahatisha. Lakini huwezi kuvuruga kisichokuwapo. Kwenye diski tupu, saraka ndogo hukaa ndani ya inodi yenyewe na haina mti wowote, hivyo jaribio la mti wa saraka likiendeshwa hapo litamaliza kazi bila kuwa limefanya kazi. Kwa hiyo kwanza diski hujazwa kwa mpangilio: saraka ya kutosha ndani ya inodi, ya bloku moja, yenye majani, yenye matawi, hadi ile iliyolazimika kutumia mti kamili. Hatua hii ya maandalizi haina mvuto, na ndipo hasa mkaguzi makini huanzia kusoma.

Chukua idadi ya viungo vya inodi, yaani ni majina mangapi yanaielekea faili moja. Ongeza thamani hiyo, sahihisha namba ya uhakiki, na umepata inodi safi kabisa kwa kila kipimo kinachotazama bloku moja moja. Uongo wake unajulikana tu kwa kusoma saraka zote na kuhesabu. Jaribio linalotaka kerneli ikatae inodi hiyo papo hapo lina kosa lenyewe. Kinachotakiwa kuigundua ni ukaguzi mpana wa xfs_scrub au xfs_repair. Kinyume chake, ukivuruga saa ya mwisho ya kusoma faili, hakuna chombo duniani kinachoweza kujua, kwa kuwa karibu tarehe yoyote ni halali. Kudai igunduliwe ni kuandika jaribio litakaloanguka milele.

Kuna mtego mwingine, wa kelele. Baada ya kila jaribio, fstests husoma logi ya kerneli ikitafuta maonyo. Lakini jaribio linaloharibu diski kwa makusudi litaijaza logi hiyo maonyo halali, kwa hiyo waandishi wengi huzima usomaji huo. Wanapoufunga mlango huo, wanafungia nje pia taarifa ya KASAN, chombo kinachopiga kelele kerneli inapogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Uharibifu unaokataliwa kwa ustaarabu na ule uliokaribia kuiua mashine vinaweza kuonekana sawa kwenye matokeo. Hakuna dawa rahisi. Mkaguzi anaweza kudai tu kwamba kuzima huko kuelezwe sababu yake.

Swali kali kuliko yote ni fupi: kiraka kilichotibu hitilafu kikiondolewa, jaribio linaanguka? Mkusanyiko umeweka nafasi ya jibu. Mwandishi hutaja ndani ya hati kitambulisho cha badiliko la kerneli lililotibu hitilafu, na jaribio likimwangukia mtu, fstests humdokeza kwamba huenda kerneli yake haina badiliko hilo. Aliyeandika jaribio bila kulijaribu kwenye kerneli ya zamani hubainika haraka.

Ubishi haujaisha, na hauhusu majaribio pekee. Roboti ya Google iitwayo syzbot hutoa mfululizo wa ripoti kuhusu taswira zilizopindwa, na baadhi ya watunzaji hulalamika kwamba hakuna diski halisi itakayoharibika kwa namna hiyo bila mtu mwenye nia mbaya. Wana hoja, ingawa kompyuta nyingi bado hupachika flashi yoyote inayochomekwa bila kuuliza imetoka wapi. Kundi moja la ripoti lilihusu hali ambayo programu huandika moja kwa moja kwenye diski huku mfumo wa faili ukiwa umeshapachikwa juu yake. Msanidi wa kerneli Jan Kara alilishughulikia hilo kwa chaguo linaloizuia kerneli kuruhusu uandishi wa aina hiyo, lililoingia kwenye Linux 6.8 mwaka 2024. Taswira zilizoharibiwa kabla ya kupachikwa hazikuguswa na badiliko hilo, na ripoti zake zinaendelea kuwafikia watunzaji.