Kidhibiti cha RAID: Kinga ya Data Umeme Unapokatika

Kidhibiti cha RAID ni kadi inayokaa ndani ya seva, kati ya ubao mama na diski, na kuufanya mfumo endeshi uzione diski kadhaa kuwa diski moja. Kadi hii ina prosesa yake na kumbukumbu yake, hivyo hufanya hesabu zake bila kuielemea prosesa kuu. Jina RAID lilijulikana kuanzia mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotoa hoja kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Miongoni mwa kadi zinazojulikana ni MegaRAID ya Broadcom, PERC ya Dell na Smart Array ya HPE.

Diski hupangwa kwa ngazi. RAID 0 hugawanya data katika diski zote ili kupata kasi, lakini diski moja ikifa data yote imepotea. Haifai kwa data ya ofisi. RAID 1 huandika kitu kilekile katika diski mbili. RAID 5 hutumia pariti, ambayo kanuni yake yafanana na hesabu za ghala la pamba: ikijulikana jumla ya uzito wa marobota matatu na uzito wa mawili kati yake, la tatu halihitaji kupimwa. Diski moja ikifa, kadi hukokotoa kilichokuwamo kutokana na zilizobaki. Diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa terabaiti 12 za matumizi kwa RAID 5, na 8 kwa RAID 6 inayostahimili kufa kwa diski mbili zozote. RAID 10 nayo hutoa 8. Huandika kwa kasi zaidi, ila diski mbili za jozi moja zikifa pamoja data imekwenda.

Pariti ina gharama yake. Badiliko dogo katika RAID 5 hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kisha kuandika zote mbili upya. Hapo ndipo kumbukumbu ya kadi inaposaidia. Kadi hupokea data, huijulisha programu kwamba imehifadhiwa, halafu huiandika diskini kwa utaratibu wake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, data ambayo programu inaamini iko salama hupotea, na pariti huenda ikabaki hailingani na data yake. Hospitali ya Bariadi, au chama cha msingi cha wakulima wa pamba Zagayu wakati wa msimu wa ununuzi, ikiwa na seva yake yenyewe, haina budi kulifikiria jambo hili kabla ya mengine yote. Kadi nzuri huwa na betri inayoilinda kumbukumbu hiyo, kwa nyingi hadi saa 72 hivi. Kadi za karibuni hutumia kapasita kubwa: umeme ukikatika, kapasita huipa kadi nafasi ya kunakili data kwenye flashi, na humo hukaa hata umeme ukirudi baada ya wiki. Kwa vijijini, aina hii ndiyo bora.

Betri huchoka baada ya miaka michache. Ikichoka, kadi kwa kawaida huacha kutumia kumbukumbu yake wakati wa kuandika, na seva huwa nzito ghafla. Watumiaji hulaumu mtandao, kumbe tatizo ni betri.

Kadi pia huweza kutunza diski ya akiba, ikaanza kuijaza yenyewe mara diski nyingine inapokufa, nayo diski mbovu hutolewa bila kuzima seva. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kujaza terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa saba, na muda wote huo RAID 5 haina kinga. Ndiyo maana kadi huzikagua diski mara kwa mara, ili sehemu mbovu zigunduliwe mapema.

Udhaifu wa kadi ni kwamba nayo hufa, na diski zilizopangwa na kadi ya kampuni moja kwa kawaida hazisomeki kwa kadi ya nyingine. RAID ya programu ndani ya Linux haina kifungo hicho, na mfumo wa faili wa ZFS hufanya kazi vizuri zaidi bila kadi ya RAID.

Wala RAID si nakala ya akiba. Faili likifutwa kwa makosa hufutwa katika diski zote papo hapo. Wizi, moto na radi havichagui diski. Anayeandika zabuni ya seva ataje kapasita ya kulinda kumbukumbu, diski ya akiba na kadi ya pili ya aina ileile, na nakala za data zikae katika jengo jingine.